Kutuliza mtetemo wa injini ya gari la kale: mwongozo kamili, kwa mfano wa Ford Model T

Wengi wanaopata gari la kale hukimbilia mpira. Injini inatikisika, basi wanakata vipande vya tairi kuukuu, wanavipachika chini ya mikono ya injini, na kwa siku chache kiti kinaonekana kimetulia. Baada ya hapo boliti zinaanza kulegea, mkono wa sampu (bakuli la chini ya injini) unapata ufa, na ndani ya injini hakuna kilichobadilika. Mpira unaukinga mwili wa dereva tu. Kinachoitikisa krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kinaendelea kuitikisa, kinakula bering zinazoishikilia, na siku moja krenki inakatika.

Utaratibu ninaoufuata ni huu: moto kwanza, uzito pili, mstari wa krenki tatu, mpira mwisho kabisa. Mengi ya magari yanayoletwa kwa fundi kwa sababu ya mtetemo yangepona kwenye hatua ya moto, bila kufungua injini.

Nimechagua Ford Model T kwa kuwa lilitengenezwa kwa wingi mno, zaidi ya magari milioni 15 kati ya 1908 na 1927, na vipuri vyake bado vinatengenezwa vipya. Yale yaliyouzwa katika makoloni ya Uingereza, Afrika Mashariki ikiwemo, yalihudumiwa na Ford ya Canada, usukani ukiwa kulia. Injini yake ina silinda 4 katika mstari mmoja, lita 2.9, nguvu farasi 20. Krenki yake ni nyembamba, shingo zake zina kipenyo cha inchi 1¼ tu, inashikwa na bering kuu 3, na haina uzito wowote wa kusawazisha. Karibu kila ugonjwa wa mtetemo wa magari ya enzi zile utaukuta humo.

Kwa nini injini ya silinda nne inatikisika hata ikiwa nzima

Pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja wakati ya 2 na ya 3 zinashuka. Ukitazama haraka utasema zinafutana. Hazifutani, kwa sababu konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, hulala upande krenki inapozunguka. Krenki ikiwa imefika robo ya mzunguko kutoka juu, pistoni imeshapita nusu ya safari yake. Maana yake, pistoni hugeuka kwa nguvu zaidi ikiwa juu kuliko ikiwa chini. Zile mbili za juu zinaivuta injini kuliko zile mbili za chini, na kinachobaki ni msukumo wa juu na chini unaotokea mara 2 katika kila mzunguko.

Tuuweke kwenye hesabu. Kwenye Model T pistoni husafiri inchi 4, kwa hiyo nusu kipenyo cha krenki ni inchi 2, yaani milimita 50.8. Konrodi ina inchi 7 kutoka katikati ya tundu moja hadi la pili. Tuseme pistoni, pini yake na sehemu ya juu ya konrodi vina kilo 1 kwa kila silinda. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, msukumo uliobaki unafika nyutoni 1,430 hivi, sawa na uzito wa kilo 145, ukipiga juu na chini mara 50 kila sekunde. Ukishusha mzunguko hadi 750, unabaki robo, kilo 36. Ndiyo maana gari lililotulia vizuri kwenye sailensa, yaani mzunguko mdogo bila kuongeza resi, linaanza kuunguruma miguuni unapoongeza mwendo.

Msukumo huo hauondoki kwa marekebisho. Mwingereza Frederick Lanchester wa Birmingham, ambaye gari lake la mwisho wa miaka ya 1890 lilikuwa na krenki mbili zinazozunguka kinyume ili zifutane, alibuni baadaye dawa yake kwa injini ya silinda nne: shafti mbili zenye uzito upande mmoja, zikizunguka kinyume kwa kasi mara mbili ya krenki. Model T halikuwekewa kifaa hicho. Wewe unachoweza kufanya ni kuupunguza msukumo huo kwa kupunguza uzito wa pistoni, tutalifikia hilo, na kuondoa mitetemo mingine yote ambayo haikutakiwa kuwepo.

Hatua ya 1: Jua unatetemeshwa na nini

Kabla ya kuwasha, vuta breki ya mkono nyuma hadi mwisho na uweke magogo mbele ya magurudumu. Model T lenye oili baridi husogea lenyewe kumfuata anayepiga hendeli, kwa kuwa klachi inagandamana. Sogeza kijiti cha moto juu kabisa ili cheche ichelewe. Shika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, na uvute kuelekea juu. Usiisukume chini kamwe. Injini ikirudi nyuma kwa kishindo, hendeli inavunja kifundo cha mkono.

Injini ikishapata joto, funga simu yenye programu ya kupima mtetemo kwenye ubao wa kati ya injini na kiti. Programu hizo hutumia kihisi kilichomo ndani ya simu na kukuambia mtetemo unapiga mara ngapi kwa sekunde. Tuseme injini inazunguka mara 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Ukiona kilele kwenye 5, hiyo ni silinda moja isiyofanya kazi sawa na wenzake, kwa sababu kila silinda hupiga moto mara moja katika mizunguko miwili. Kilele kwenye 10 ni kitu kinachozunguka na krenki ambacho uzito wake umelalia upande: flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), sumaku zake, au ngoma za gia. Kilele kwenye 20 ni mapigo ya moto yenyewe pamoja na ule msukumo wa pistoni tuliouhesabu.

Mapigo ya moto na msukumo wa pistoni vinaangukia namba moja, lakini kuna njia rahisi ya kuvitenganisha. Pandisha resi kiasi, kisha zima moto ghafla huku umeweka mkono kwenye chesisi. Mtetemo ukikatika papo hapo, ulitoka kwenye moto. Ukiendelea na kufifia taratibu kadiri injini inavyopungua kasi, umetoka kwenye uzito. Jaribio hili ninaliamini kuliko kifaa chochote, na halina gharama.

Kama gari limetulia likiwa limesimama na linatetemeka likifika mwendo fulani tu barabarani, liache liserereke bila gia. Likiendelea kutetemeka, iache injini. Kagua propela, magurudumu ya mbao yaliyolegea spoku, na tairi.

Hatua ya 2: Moto sawa kwa silinda zote nne

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Model T lina koili 4 ndani ya sanduku la mbao, kila moja na ulimi mwembamba wa chuma unaotetemeka na kulia kama nyuki. Injini ikiwa sailensa, chukua kijiti kikavu cha mbao na ubonyeze ulimi wa koili ya kwanza ili unyamaze. Injini inapaswa kudhoofika waziwazi. Achia, nenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ile ambayo ukiinyamazisha hakuna kinachobadilika, silinda yake ilikuwa imekufa tangu awali. Sasa zima injini, hamisha koili hiyo uiweke mahali pa jirani yake, na urudie. Ugonjwa ukihama na koili, koili ndiyo mgonjwa. Ukibaki palepale, tafuta kwenye waya, plagi, taima (kifaa kinachopanga zamu ya moto wa kila koili) au mgandamizo.

Koili iliyorekebishwa vizuri huvuta ampea 1.3 hivi, na uwazi wa pointi zake ni inchi 0.030, sawa na milimita 0.75 hivi. Namba hizo zina maana kama zinalingana kwa koili zote nne. Koili tatu nzuri na moja inayochelewa kidogo huitikisa injini kuliko koili nne za wastani zinazofanana. Plagi ziwe na mwanya wa milimita 0.8, zote za aina moja.

Kisha taima, na hapa mafundi wengi hupapita haraka. Silinda zote zinaweza kuwa zinawaka na bado injini ikatikisika, kwa sababu kila moja inawaka kwa wakati wake. Ndani ya taima kuna roda inayopita juu ya vipande vinne vya chuma. Kipande kimoja kikiliwa, silinda yake huwaka mapema au kwa kuchelewa. Pima hivi: funga petroli, toa plagi zote, zilaze juu ya injini mbali na matundu zikiwa bado na waya zake. Washa moto wa betri na uzungushe injini pole pole kwa hendeli. Koili ya kwanza ikianza tu kulia, simama, weka alama ya chaki kwenye puli ya mbele. Endelea hadi koili zote nne zilie. Mfuatano wa moto ni 1-2-4-3, kwa hiyo alama ya 1 na ya 4 lazima ziangukie mahali pamoja, na ya 2 na ya 3 ziangukie pamoja upande wa pili wa puli, nusu mzunguko kamili. Alama zikitawanyika, badilisha taima au roda yake. Usijaribu kuliponya hilo kwa kabureta.

Mgandamizo upime injini ikiwa na joto, resi ikiwa wazi. Injini hizi zina mgandamizo mdogo, PSI 50 hivi (pauni kwa inchi ya mraba) ni afya njema, kwa hiyo usiogope namba. Angalia tofauti: silinda iliyo chini ya wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi inahitaji kusagiwa valvu au kuangaliwa ringi. Tone la oili kwenye tundu la plagi litakuambia lipi ni lipi. Mgandamizo ukipanda, ni ringi. Usipopanda, ni valvu.

Mwisho, kabureta. Kaza sindano taratibu hadi injini ianze kukohoa, fungua hadi ianze kwenda kwa uzito na moshi mweusi, iache katikati. Kabla ya hapo pitisha maji ya sabuni kwenye maungio ya manifoldi. Mahali yanapofyonzwa, hewa inaingia na silinda za upande huo zitakuwa na njaa.

Endesha gari tena na simu yako. Kilele cha 5 kikiwa kimetoweka na umeridhika, una haki ya kuishia hapa.

Hatua ya 3: Uzito

Injini ikifunguliwa kwa sababu yoyote ile, usiifunge bila kupima uzito. Mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja inatosha.

Pima kila pistoni na pini na ringi zake. Tafuta iliyo nyepesi kuliko zote, kisha punguza nyingine zifuate. Chuma kitolewe ndani, chini ya pete ya sketi au kwenye nundu za pini. Usiguse kichwa cha pistoni. Gramu 2 kati ya nyepesi na nzito ni kiwango kizuri kwa injini hii.

Konrodi hupimwa mara mbili, kila ncha peke yake, na watu wengi hawafanyi hivyo. Ncha kubwa inazunguka na krenki. Ncha ndogo inapanda na kushuka na pistoni. Konrodi mbili zenye uzito sawa kwa jumla zinaweza kuitikisa injini kama moja ni nzito kichwani na nyingine miguuni. Ning'iniza ncha moja kwa uzi kutoka kwenye msumari, nyingine ilale juu ya mizani, konrodi ikiwa sawasawa na meza. Soma. Geuza. Jumla ya masomo mawili lazima ilingane na uzito wa konrodi nzima. Isipolingana, haikulala sawa. Punguza kwa tupa kwenye kifuniko cha ncha kubwa na kwenye ukingo wa ncha ndogo, ukipiga tupa kwa urefu wa konrodi, kwa kuwa mkwaruzo wa kukatisha huwa mwanzo wa ufa.

Ukiweza, weka pistoni za alumini badala ya zile za chuma cha kuyeyusha. Rudi kwenye hesabu yetu: ule msukumo wa kilo 145 unakwenda sambamba na uzito unaopanda na kushuka. Ukitoa gramu 300 kwa kila silinda, umetoa kilo 43 za msukumo kwa mkupuo kwenye mizunguko 1,500, na asilimia 30 ileile kwa kila kasi nyingine. Hakuna mpira utakaokupa hivyo.

Krenki, flaiwili na sumaku vipelekwe pamoja kwa mkereza vyuma mwenye mashine ya kusawazisha inayozungusha. Flaiwili ya Model T imebeba sumaku 16 zenye umbo la V, na sumaku iliyobadilishwa zamani kwa nyingine isiyolingana ni chanzo cha kawaida cha kilele cha 10. Piga alama kila sumaku na mahali pake kabla ya kuitoa. Ngoma za gia unaweza kuzisawazisha mwenyewe juu ya vyuma viwili vilivyonyooka na kulazwa sawasawa: upande mzito utajigeuza chini.

Kuna krenki mpya zenye uzito wa kusawazisha, na hata enzi zile viliuzwa vipande vya uzito vya chapa ya Dunn vya kufungwa kwenye krenki ya Ford. Ni kitu kizuri. Zinapunguza kupinda kwa krenki na mzigo wa bering ya katikati. Lakini anayekuambia zitaondoa ule mtetemo wa mara 2 kwa mzunguko anakudanganya. Uzito unaozunguka kwa kasi ya krenki hauwezi kufuta kitu kinachopiga kwa kasi maradufu.

Kwa magari ya silinda moja, kama Oldsmobile Curved Dash la 1901, hesabu ni nyingine kabisa. Hapo uzito wa kusawazisha hufuta sehemu zote zinazozunguka, pamoja na kiasi cha nusu ya uzito unaokwenda na kurudi na pistoni. Ukiongeza zaidi, unahamisha mtetemo kutoka kwenye mstari wa pistoni kwenda kwenye mwelekeo unaoukata mstari huo, basi.

Utasikia pia habari za kifaa cha kuzuia krenki kujisokota. Hicho kilizaliwa na krenki ndefu za silinda 6, tatizo lililowasumbua Lanchester na Henry Royce kila mmoja kwa upande wake. Krenki ya Model T ni fupi. Shida yake ni kupinda, na fedha yako itumie huko.

Hatua ya 4: Mstari wa krenki

Nyuma ya gia za Model T kuna bering ya nne, ndani ya kifuniko chenye umbo la tufe. Inashikiliwa na sampu. Sampu hiyo ni ya bati, na baada ya miaka mia moja ya kubebeshwa jeki mahali pasipofaa, nyingi zimepinda. Sampu ikipinda, bering ya nne inauvuta mkia wa gia upande, na krenki inapindwa na kurudishwa katika kila mzunguko. Krenki nyingi za Ford zimekatika kwa njia hii.

Toa kifuniko cha bering ya nne. Weka geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha mchezo mdogo) kwenye mkia wa shafti, zungusha injini kwa mkono pole pole. Mkia ukicheza, shafti au flaiwili haikukaa sawa. Ukizunguka sawa lakini hauko katikati ya tundu la sampu, sampu ndiyo imepinda. Inyooshwe kwenye fremu maalumu ya kunyooshea, siyo kwa nyundo na macho.

Bering kuu ni za babiti, aloi laini ya bati. Usiziyeyushe na kuzimimina mwenyewe kama hukufundishwa: mara nyingi kuna risasi ndani, na tone moja la maji kwenye babiti iliyoyeyuka hulipuka usoni.

Hatua ya 5: Viegemeo vya injini, na mpira kama lazima

Injini ya Model T imeshikwa mahali patatu: moja mbele katikati, mawili nyuma kwenye mikono ya sampu. Ford alifanya hivyo ili chesisi ijisokote kwenye barabara mbaya bila kuisokota injini. Kwa hiyo kiegemeo cha mbele lazima kibaki na uhuru wa kugeuka kidogo. Ukikibana kama pingu, umeharibu mpango wote.

Kabla ya kukaza boliti za nyuma, pitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) kati ya mkono wa sampu na chesisi. Pakiwa na nafasi, usiivute kwa boliti. Weka kibati chembamba kinachoijaza. Ndani ya reli ya chesisi, mahali pa mkono, kuna kipande cha mbao cha kuzuia reli isikunjamane. Kikioza, boliti hazikazi kamwe. Chonga kipya kwa mbao ngumu iliyokauka. Mvule unafaa sana.

Sasa mpira. Plymouth ilipoleta mfumo wa Floating Power mwaka 1931, na Citroën ikaufuata mwaka 1932, injini ya silinda nne iliwekwa juu ya mpira mbele ikishikwa juu na nyuma ikishikwa chini, ili mstari wa kupita viegemeo viwili upite katikati ya uzito wa injini. Injini ikaachwa icheze kwenye mhimili wake wenyewe. Ulikuwa ufumbuzi mzuri, na gari zima lilibuniwa kuufuata.

Model T halikubuniwa hivyo. Bomba la propela linaishia kwenye lile tufe nyuma ya injini, kwa hiyo msukumo wa magurudumu ya nyuma unapita kwenye injini kabla ya kufika kwenye chesisi. Na fito za kushikilia ekseli ya mbele zinafungwa chini ya sampu. Weka mpira laini, na kila ukibadilisha mwendo injini itasogea mbele na nyuma, ekseli ya mbele itaifuata, na usukani utaanza kupepesuka. Mtu anaweza kufa kwa hilo. Kama ni lazima uweke kitu, kiwe kipande chembamba cha ngozi ngumu au turubai iliyobanwa, kisichozidi milimita 3, ukihakikisha injini haisogei ukiisukuma kwa mtaimbo.

Kwa gari lenye viegemeo vya mpira tangu kiwandani, badilisha vyote kwa pamoja, na uhakikishe ekzosi na fito za resi zina unyumbufu. Bomba la ekzosi lililobanwa kwenye chesisi hurudisha mtetemo wote uliokwisha kuuzuia.

Hatua ya 6: Baada ya kufunga

Kila nati ya viegemeo iwe na kota pini mpya, ile pini ya kuizuia isilegee. Endesha kilomita 100 kwa mwendo usiozidi 45 kwa saa, kisha rudi chini ya gari: kaza boliti za mikono ya sampu, angalia vibati havijateleza, kagua kona za mikono hiyo kwa nyufa ukitumia tochi na kitambaa chenye mafuta ya taa. Ufa mwembamba hujitokeza mafuta yakishafutwa, kama mstari wa unyevu unaorudi. Ukiuona, usiuchomelee injini ikiwa imefungwa. Shusha sampu, uchomelee ufa, inyooshe upya kwenye fremu, na upime bering ya nne kabla ya kurudisha.